Naomba ushauri: Mama anataka kuona makasri na majumba ya kale ya Uholanzi, tuanzie wapi?

Mjukuu wa Mbinga (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi, poleni na majukumu.

Mwezi wa nane mama yangu anakuja kututembelea hapa Rotterdam akitokea Songea. Ni mwalimu mstaafu wa historia wa sekondari, na kwenye simu ameshasema anachotaka. Vinu vya upepo atapiga picha basi, maduka hana haja nayo. Anataka kuyaona majumba ya kale kule mashambani, makasri yaliyozungukwa na maji na majumba ya matajiri wa zamani, aelezwe nani aliishi pale na fedha ilitoka wapi.

Hali yetu ni hii. Goti linamsumbua: ngazi chache anapanda, mnara hapana. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 10, na hao wakichoka siku imeharibika. Gari hatuna, ni treni na basi. Mume wangu anafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo siku nyingi nitakuwa mimi, bibi na wajukuu.

Nimefungua ramani nikakuta makasri kila kona, nikashindwa kuchagua. Waliowahi kuzunguka naomba mnisaidie: yapi yanamfaa mama, yapi yanafaa watoto, na tiketi zikoje? Kuna jambo jingine mama ameligusia, nitalileta nikishasikia maoni yenu. Naomba kuwasilisha.

---

Kipepeo wa Utrecht

Shikamoo yake mama, tunamkaribisha sana.

Anzeni na Kasteel de Haar, pale Haarzuilens nje kidogo ya Utrecht. Ndilo kubwa kuliko yote nchini, lina minara, madaraja na maji pande zote. Watoto wakiliona tu wanapiga kelele. Ndani msikimbilie kumbi za dhahabu peke yake. Mpelekeni mama jikoni: jiko la chuma refu kama kaunta ya hoteli, na ukutani masufuria ya shaba yamepangwa kuanzia kubwa la kuchemshia nyama ya watu wengi hadi kadogo ka mchuzi. Pale ndipo unaelewa watu wangapi walikuwa wanafanya kazi ili wachache wale.

Halafu tembeeni kijijini. Madirisha ya nyumba za Haarzuilens yana milango ya mbao iliyopakwa nyekundu na nyeupe, rangi za ukoo wa van Zuylen. Kijiji hicho hakikuwa pale mwanzo. Baron mwenye kasri alipotaka bustani kubwa kuzunguka jumba lake, kijiji kilihamishwa, likabaki kanisa tu. Miti nayo ililetwa ikiwa imeshakua, maelfu yake, ikipitishwa katikati ya mji wa Utrecht. Mwalimu wa historia hapo atapata la kuuliza.

---

Baba Rahma

Namheshimu Kipepeo, lakini mama wa historia usimwanzishie De Haar. Jumba lile kwa sehemu kubwa ni la juzi. Yalikuwa magofu, likajengwa upya kuanzia 1892 na Pierre Cuypers, fundi yuleyule aliyesanifu jumba la makumbusho la Rijksmuseum na stesheni kuu ya Amsterdam. Baron Etienne alikuwa ameoa kwa akina Rothschild, ukoo wa matajiri wa benki, mke akiitwa Hélène, kwa hiyo fedha haikuwa tatizo. Wakati wanajifanya wanaishi zama za mashujaa wa farasi, humo ndani kulikuwa na taa za umeme na mabomba ya kupasha joto. Ni zuri, sikatai, ila aliyekwenda bila kuambiwa anatoka na picha isiyo sahihi ya karne za kati.

Ninyi mko Rotterdam. Nendeni Slot Loevestein. Treni hadi Dordrecht, mnabadilisha kwenda Gorinchem, mnatembea taratibu kukatiza mji hadi gatini, mnapanda kivuko. Ngome iko pale mito Maas na Waal inapokutana, na kufika kwa maji ni nusu ya raha yenyewe. Watoto hawatauliza "tunafika lini".

Kisa chake sasa. Hugo de Groot, mwanasheria ambaye hadi leo wanafunzi wa sheria za kimataifa wanamsoma, alifungwa humo 1619 kifungo cha maisha, kwa sababu ya ugomvi wa dini na siasa. Mkewe Maria van Reigersberch akaruhusiwa kukaa naye, na vitabu vikawa vinaingia na kutoka ndani ya kasha kubwa. Mama yule akawa anawatazama walinzi. Mwanzo walikuwa wanafungua kasha kila mara, baadaye wakachoka, wakawa wanalibeba tu. Machi 1621 akamwingiza mumewe humo badala ya vitabu. Msichana wa kazi, Elselina van Houwening, akasafiri na kasha kwenye boti hadi Gorinchem, akihakikisha hakuna anayelifungua. Hugo akatoka mjini amevaa kama fundi uashi, akafika Antwerp, kisha Paris. Mke alibaki nyuma kukabiliana na mkuu wa ngome, naye baadaye akaachiwa.

Kila nikipeleka wageni pale nawaambia: jina la Hugo liko kwenye mabango, lakini akili ilikuwa ya Maria na moyo ulikuwa wa Elselina. Mwanao wa miaka 10 atakisimulia shuleni mwaka mzima.

Angalizo kwa goti: ngazi za ngome ni za zamani na nyembamba. Mama anaweza kubaki uani na kwenye maboma ya nje, panapendeza na kuna pa kukaa.

---

Nuru wa Arnhem

Nami naongeza Kasteel Rosendael, kijiji cha Rozendaal karibu na Arnhem. Bustanini kuna ukumbi uliopambwa kwa kome na makombe ya baharini, na kuna chemchemi za kuviziana: umesimama unashangaa, maji yanakurukia kutoka chini. Beba nguo za akiba za watoto.

Tafadhali sana mkitafuta njia kwenye simu hakikisheni ni Rozendaal ya Gelderland. Kutoka Rotterdam kuna treni ya Roosendaal, mji wa kusini karibu na Ubelgiji, na wageni hujikuta huko wakati kasri liko upande mwingine wa nchi.

---

Mama Njeri, Zutphen

Salamu kutoka Achterhoek, mashariki mwa nchi. Nimeona wote mnazungumzia majumba yenye tiketi. Dada, kwa mama mwenye goti na watoto wadogo, mimi ningegawanya: siku moja ya kuingia ndani, siku nyingine ya kutembea nje tu bila kulipa.

Watu hawalijui hili. Uholanzi kuna sheria ya 1928, Natuurschoonwet, inayompunguzia kodi mwenye shamba la namna hii akilihifadhi, na akiruhusu watu watembee ndani anapata nafuu zaidi. Ndiyo maana unaona kibao kidogo getini kinachosema mnakaribishwa kupita kwenye njia, mara nyingi kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Someni kibao, msitoke nje ya njia, basi. Familia huenda bado inaishi kwenye jumba, na wewe unapita mita mia moja kutoka madirisha yao bila mtu kukuuliza kitu.

Hapa kwetu Vorden kuna makasri manane kuzunguka mji mmoja, na njia ya baiskeli inayoyaunganisha. Kwa mama chukueni Hackfort peke yake, lina kinu cha maji na njia tambarare. Treni inasimama Vorden, ukitokea Zutphen.

Kwa swali lake la fedha ilitoka wapi, mpelekeni mto Vecht, kati ya Utrecht na Muiden. Yale si makasri ya vita. Karne ya 17 na 18 matajiri wa Amsterdam walikimbia joto na harufu ya mifereji, wakajenga majumba ya kupumzikia kandokando ya mto, na vibanda vya kunywea chai juu kabisa ya maji ili wanaopita na boti wawaone. Goudestein ya Maarssen ilikuwa ya ukoo wa Huydecoper, uliotoa mameya wa Amsterdam. Wengi wa matajiri hao walikuwa na mikono kwenye kampuni za Mashariki na Magharibi ya India, na humo mlikuwa na biashara ya watumwa. Mfalme aliomba radhi kwa hilo tarehe 1 Julai 2023. Majumba yakitazamwa bila kujua hayo, umeona matofali tu.

Mkiwa huko, Slot Zuylen ina ukuta wa bustani uliojengwa kwa kupindapinda. Ile mipindo inakinga upepo na kukusanya jua, ili matunda ya nchi za joto yaweze kuiva. Mama akiwa mkulima kidogo atasimama kuutazama muda mrefu.

---

Mjukuu wa Mbinga (mwanzisha uzi)

Mungu awabariki wote. Loevestein imeshaingia kwenye orodha, mwanangu nimemsomea kisa cha kasha na sasa anaulizia kila siku.

Naleta lile jambo. Mama amesikia kwamba Kaiser Wilhelm wa Pili, yule wa Wajerumani, alimalizia maisha yake Uholanzi kwenye jumba la mashambani, na nyumba bado ipo. Anataka kwenda. Kwetu Songea habari za Maji Maji si za kitabuni tu. Kuna aliyefika? Inafaa?

---

Mzee wa Heuvelrug

Binti yangu, naishi upande huo na nimefika mara nyingi. Nyumba inaitwa Huis Doorn, mkoa wa Utrecht. Kipo kipande cha historia yetu pale, ingawa kwenye maelezo ya ndani hutakiona kwa urahisi.

Novemba 1918 vita ilipomshinda, alivuka mpaka akaomba hifadhi. Mwanzo alipokelewa na Count Bentinck kwenye kasri la Amerongen, kilomita chache kutoka Doorn, na humo ndimo alimotia saini ya kujiuzulu tarehe 28 Novemba 1918. Washindi wa vita walimtaka, Uholanzi ikakataa kumtoa. Akanunua Huis Doorn, akahamia 1920, akaishi hapo hadi alipofariki Juni 1941. Baada ya vita ya pili serikali ya Uholanzi ikaichukua nyumba pamoja na vilivyomo.

Vitu viko kama alivyoviacha, na vililetwa kwa mabehewa ya treni kutoka majumba yake ya Ujerumani. Mwambie mama atazame meza ya kazi: kiti chake ni tandiko la farasi lililowekwa juu ya mguu, ndilo alilokalia akiandika. Atazame pia uma wake maalumu wenye makali ya kisu, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Nje kuna makaburi ya mbwa wake, na kaburi lake mwenyewe ndani ya kijumba kati ya miti. Alielekeza asirudishwe Ujerumani hadi ufalme urudi. Ufalme haukurudi.

Huyu ndiye aliyekuwa mtawala Ujerumani kuanzia 1888 hadi 1918. Kilele cha Kibo kiliitwa kwa jina lake kuanzia 1889 hadi tulipokiita Uhuru mwaka 1961. Nduna Songea Mbano alinyongwa 1906 chini ya serikali yake. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba msamaha. Nyumba ile ya Doorn ni mahali pa mtu wa Songea kusimama na kutazama.

Mambo ya njia: treni hadi Driebergen-Zeist, kisha basi la Doorn. Ndani mnaingia na mwongozaji, kwa hiyo andikeni mapema, ulizeni siku za kufunguliwa na kama kuna ziara ya Kiingereza. Tajeni na goti la mama.

---

Kipepeo wa Utrecht

Mzee nakuheshimu, ila mimi nisingempeleka bibi huko. Amesafiri mbali kuja kufurahi na wajukuu, halafu tumkalishe kwenye sebule ya mtu aliyewatesa babu zake? Na vyombo vya fedha vimepangwa vizuri kama vya mtakatifu.

---

Mzee wa Heuvelrug

Kipepeo, hoja yako naielewa. Lakini aliyeomba ni mama mwenyewe, na ni mwalimu. Tumwache aamue.

---

Mjukuu wa Mbinga (mwanzisha uzi)

Nimempigia mama, nikamsomea maneno yenu wote wawili. Amesema: "Nimefundisha jina hilo miaka yote, nataka nione alilala wapi." Tunakwenda. Watoto nitawaacha na baba yao siku hiyo ili asikilize kwa nafasi.

Sasa tiketi jamani.

---

Baba Rahma

Wewe unayeishi hapa nunua Museumkaart, kadi ya makumbusho ya mwaka mzima, inaingiza kwenye majumba mengi yaliyotajwa hapa. Hakikisha kwenye tovuti ya kila jumba, na weka nafasi ya saa mtandaoni pale wanapohitaji. Jumatatu kuwa mwangalifu, mengi hufunga. Mama anaweza kugusa kadi yake ya benki kwenye mashine ya treni na basi akipanda na akishuka, kila mtu na kadi yake. Akisahau kugusa wakati wa kushuka atakatwa zaidi. Watoto wa miaka 4 hadi 11 wana tiketi yao ya treni ya bei ndogo, Railrunner. Maduka kama Kruidvat nayo nyakati fulani huuza tiketi za treni za siku nzima kwa bei nafuu.

Mikahawa mingi ya kwenye makasri haipokei fedha taslimu. Chakula bebeni, viti vya bustanini ni vya wote.

---

Mama Njeri, Zutphen

Na kasri moja kwa siku, dada. Amerongen na Doorn ziko karibu, utashawishika kuziunganisha. Kwa goti lile usifanye.

---

Mjukuu wa Mbinga (mwanzisha uzi)

Nimeelewa. Wiki ya kwanza apumzike. Kisha Loevestein na watoto, Doorn mimi na mama, Rosendael siku ya jua kali, na Vecht mwishoni, baba watoto akiwa na mapumziko. De Haar tutakwenda jikoni na kijijini, Kipepeo usikasirike.

Swali la mwisho kwa wanaoijua Vecht: zile boti za kiangazi kutoka Utrecht, kupanda kwake kuna ngazi au kuna ubao wa kutembelea?