FLAS ya Marekani kwa wanaosoma Kiswahili: Mtanzania anaweza kuomba?

Mdigo_Halisi:
Wakuu habari za humu, naombeni mawazo yenu. Nimemaliza BA ya Kiswahili na Isimu pale Mlimani na sasa hivi najitolea kufundisha sekondari hapa Tanga. Katika kupekua nafasi za masomo mtandaoni nikakutana na huu ufadhili wa kusomea lugha unaitwa FLAS, chuo kimoja cha Marekani kimeandika kwamba mwanafunzi wa masta au PhD anayesoma Kiswahili analipiwa ada mpaka dola 18,000 na anapewa posho dola 20,000 kwa mwaka. Nikaona hii ndo yangu kabisa maana Kiswahili ndo nilichosomea na GPA ipo vizuri, ila nikisoma masharti naona habari za uraia, sielewi. Halafu nina binamu yangu yupo Texas, ana grinikadi (ukazi wa kudumu wa Marekani), kaanza masta ya afya ya jamii, naye anauliza kama anaweza kuomba hiyo hiyo kwa Kiswahili kwa sababu anakiongea tangu utoto. Mwenye uelewa anisaidie, na kama kwangu imefungwa basi nipitie wapi?

Bint_Makunduchi:
Mleta mada, usipoteze muda, wewe FLAS hupati na wala sio kwa sababu ya GPA. Ile ni hela ya Wizara ya Elimu ya Marekani na muombaji lazima awe raia wao au mkazi wa kudumu, mwenye viza ya mwanafunzi hayumo. Na hata huyo raia haombi wizarani, wizara inavipa vyuo hela kwa mzunguko wa miaka 4, kisha kila chuo kinatangaza na kuchagua wanafunzi wake chenyewe, ndo maana ukikutana na tangazo unaona kama ni skolashipu ya chuo kwa yeyote aliyepokelewa pale.

Ukijua ilikotoka utaelewa kwa nini imekaa hivyo. 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa na ndani yake sehemu ya 6 wakatenga hela za kusomesha watu wao lugha ambazo vyuo vyao vilikuwa havifundishi au vinafundisha kidogo tu. Sehemu hiyo baadaye ilihamishiwa kwenye sheria yao ya elimu ya juu lakini lengo halijabadilika, ni kumchukua Mmarekani asiyejua lugha na kumfikisha mahali aweze kuifanyia kazi au utafiti. Sasa wewe uliyezaliwa na lugha na ukaisomea digrii unaomba kufundishwa nini? Nasema hivi kwa nia njema kabisa, maana nawaona vijana wengi wenye digrii nzuri za Kiswahili wanahangaika na fomu za kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yao, na huku darasa hilo hilo la mwanafunzi wa FLAS linahitaji mtu wa kulifundisha. Hapo ndo pako.

Mshi_wa_Minnesota:
Niongezee kuhusu binamu. Mimi ni mtu wa Bukavu, familia yetu ilikuja huku kama wakimbizi, tukapata grinikadi, na nilipokuwa masta nilipewa FLAS. Lakini sio ya Kiswahili. Hawakulipi usome lugha ambayo tayari unaiongea vizuri. Mimi niliomba kwa Kizulu kwa sababu tasnifu yangu ilikuwa juu ya Wakongomani wanaoishi Durban, na hiyo ndo ilibeba maombi yangu yote, kwa nini lugha hii na inaingiaje kwenye kazi yangu. Binamu yuko afya ya jamii, hiyo haimzuii hata kidogo, FLAS sio ya watu wa isimu na fasihi peke yao. Afikirie anataka kufanya kazi na watu gani. Kama ni wahamiaji wa Ethiopia basi Kiamhariki kina maana, na mwanafunzi wa masta anaruhusiwa kuanza lugha kutoka sifuri.

Jambo la kwanza aulize kama chuo chake kina kituo cha masomo ya eneo fulani la dunia chenye hela ya FLAS, na kama kituo hicho ni cha Afrika au cha eneo lingine, maana kila kituo kina orodha yake ya lugha. Kama chuo chake hakina, FLAS ya mwaka mzima hawezi kuichukua chuo kingine asikosoma, ila ile ya kiangazi baadhi ya vituo huwa vinawapa hata wanafunzi wa vyuo vya nje. Ajaze na fomu ya serikali ya kuonyesha hali ya kifedha, ile FAFSA, maana wenye uhitaji wanapewa kipaumbele. Na aangalie kwanza kama hela yenyewe ipo, kwa sababu 2025 wizara ilisitisha fungu hili na vyuo vikajikuta havina cha kuwapa wanafunzi. Iliniuma sana, kuna watu walikuwa katikati ya lugha, wamefika mwaka wa pili, wakaachwa hapo. Aksanti.

Mwalimu_wa_Nakuru:
Mdigo, Bint amesema kweli, wewe ingia kupitia mlango wa mwalimu. Milango ni miwili na watu huichanganya.

Wa kwanza ni FLTA ya Fulbright, programu ya serikali ya Marekani ya walimu wasaidizi wa lugha, unaomba kupitia ubalozi wa Marekani nchini kwako, Kenya na Tanzania zote zimekuwemo, ila waulize kwanza kama msimu huu ipo na kama viza zinatolewa. Umri ni miaka 21 hadi 29, uwe na digrii ya kwanza na Kiingereza kizuri. Unaenda kama miezi 9, unafundisha Kiswahili chuoni na wewe mwenyewe unachukua kozi mbili tatu, tiketi, posho na bima wanalipa wao. Lakini hupati digrii, hilo lielewe kabla hujafunga begi. Na viza yake ya J-1 inakutaka urudi nyumbani miaka 2 kabla ya kupata viza ya kazi ya H au grinikadi. Viza ya mwanafunzi haimo kwenye hilo katazo, so ukirudi nyumbani unaweza kuomba masta baadaye.

Wa pili ni kuomba masta au PhD yenyewe halafu unafanya kazi ya ualimu msaidizi, wanaita TA. Ada inasamehewa, unalipwa mshahara kila mwezi, unafanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki. Vyuo kama Wisconsin, Indiana, Ohio University, Florida na Kansas vinafundisha Kiswahili. Na usitazame idara ya lugha za Afrika pekee, TA wa Kiswahili anaweza kuwa anasomea isimu au elimu au hata mawasiliano, ni makubaliano kati ya idara hizo mbili. Mwandikie mratibu wa Kiswahili imeili fupi, mwambie unaomba programu gani na umefundisha nini, umuulize kama wanahitaji mtu mwaka unaofuata. Hakuna wakala wa kulipwa hapo, imeili ni bure.

Kitu kitakachokutoa ni ushahidi wa kufundisha wageni. Kufundisha fomu tatu ni tofauti kabisa na kumfundisha mtu asiyejua hata "hujambo". BAKITA wanatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na wanasajili wataalamu, na Zanzibar pale chuo kikuu cha SUZA wageni wanakuja kusoma kila mwaka. Omba hata kukaa darasani uone wanavyofundishwa.

Mdigo_Halisi:
Aisee nashukuru sana, nimeelewa kuliko kurasa zote nilizosoma. Nina miaka 28. Nianze na FLTA au niende masta moja kwa moja?

Mwalimu_wa_Nakuru:
Kwa 28 omba vyote viwili msimu huu, FLTA ikikupita umri hairudi. Na ukiandikia vyuo waulize jambo moja la ziada, mshahara wa TA unatoka kwenye bajeti ya chuo au ulikuwa unategemea hela ya wizara, kwa sababu baada ya mambo ya 2025 baadhi ya madarasa hayana uhakika. Wakikujibu ni bajeti ya chuo, maombi yako ya kwanza yapeleke hapo.