Pankeki za mtindi zinabaki bapa, kasoro ni nini?

Habari wadau. Pankeki zangu zinaungua nje, katikati mbichi, wala hazivimbi. Vipimo: unga wa ngano vikombe 2, mtindi vikombe 2, yai 1, beking pauda vijiko 2 vya chai. Rojo nalikoroga usiku ili asubuhi niwahi. Nakosea wapi?

Jibu 1
Ni huko kulaza rojo. Asidi ya mtindi ikikutana na beking pauda, gesi huanza kutoka papo hapo. Hadi asubuhi nyingi imeshapotea. Usiku changanya vikavu tu: unga gramu 200, sukari vijiko 2 vya chakula, beking pauda kijiko 1 cha chai, magadi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Asubuhi tia mtindi mzito gramu 250, yai 1, maziwa mililita 60 na siagi iliyoyeyushwa vijiko 2 vya chakula. Koroga kidogo kwa mwiko, unga mkavu ukishapotea acha. Mabonge madogo hayana shida kabisa! Ukikoroga hadi rojo lilainike, pankeki itavutika kama mpira.

Jibu 2
Na moto wako ni mkali. Kikaango kizito, moto mdogo, mafuta ya kupaka tu. Mimina robo kikombe. Geuza vipovu vikipasuka na kuacha matundu. Tafadhali usiikandamize kwa mwiko, unatoa hewa yote.

Jibu 3
Kwa anayetumia maziwa lala: ni mepesi, basi yale maziwa mililita 60 yaache. Soda isizidi, italeta ladha ya sabuni.