Mama ana presha ya macho na aliwahi kuwa na pumu: atumieje matone kwa usalama?

Mlezi wa Mama:

Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu, ambaye amevuka miaka sitini, alikwenda kupima macho ili abadilishe miwani, na daktari akagundua kwamba ana glakoma, yaani presha ya macho kama wengi tunavyoiita, katika macho yote mawili. Ameandikiwa dawa za matone za aina mbili: latanoprosti, ambayo anapaswa kuitia mara moja kila usiku, na timololi, ambayo anaitia asubuhi na jioni. Kliniki ilikuwa na wagonjwa wengi siku hiyo, na maelezo tuliyopewa yalikuwa mafupi.

Kuna mambo matatu yanayonisumbua. La kwanza ni kwamba mama hasikii maumivu yoyote na anasema anaona vizuri, kwa hiyo haelewi kwa nini atie kila siku dawa inayomwasha huku haoni nafuu yoyote. La pili ni kwamba kila anapojitilia, tone moja huishia shavuni, naye huongeza la pili na hata la tatu mpaka ahisi jicho limelowa. La tatu ndilo lililonifanya niandike leo. Jana tulipokuwa tukizungumza alinikumbusha kwamba aliwahi kuwa na pumu alipokuwa kijana, ingawa hajahitaji dawa ya kuvuta kwa miaka mingi, na habari hiyo haikutajwa kabisa mbele ya daktari. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la timololi inataja pumu, lakini sikuelewa kama inawahusu hata watu waliopona zamani. Naomba mwongozo kwa yeyote mwenye ujuzi.

Mfamasia:

Ndugu Mlezi, pole kwa kuuguza. Nitaanza na jambo lako la tatu kwa sababu haliwezi kungoja. Ndiyo, onyo lile linamhusu mama hata kama pumu hiyo ilikuwa ya ujanani. Timololi ni dawa ya kundi la beta bloka, yaani dawa zinazoweza kupunguza kasi ya moyo na kubana njia za hewa, na haipaswi kutumiwa na mtu mwenye pumu au aliyewahi kuwa nayo, wala na mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, mapigo ya moyo yanayokwenda polepole kupita kiasi, au aina fulani za hitilafu katika umeme wa moyo. Wasiliana leo hii na kliniki iliyomwandikia, au na mfamasia aliye karibu nawe, kabla hajatia tone linalofuata la timololi. Akianza kubanwa na kifua, kukohoa mfululizo au kutoa sauti ya filimbi anapopumua, mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue chupa zote za dawa zake ili wahudumu wazione. Latanoprosti aendelee nayo kama alivyoagizwa.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba tone la jicho linaweza kufika kwenye mapafu. Kila jicho lina tundu dogo kwenye kona iliyo karibu na pua, na kupitia hapo machozi hushuka puani. Dawa nayo hupita njia hiyohiyo, ikafyonzwa na utando wa ndani ya pua na kuingia kwenye damu moja kwa moja bila kupitia kwanza kwenye ini, ambako sehemu kubwa ya dawa ya kumeza huvunjwavunjwa kabla haijasambaa mwilini. Ndiyo maana kiasi kinachoonekana kidogo sana kinaweza kupunguza kasi ya moyo au kubana njia za hewa kwa mtu ambaye mwili wake hauvumilii dawa hiyo. Kwa mgonjwa wa kisukari kuna tahadhari nyingine: timololi inaweza kuficha mapigo ya moyo ya haraka ambayo humtahadharisha kwamba sukari imeshuka.

Msiwe na wasiwasi kwamba mama atakosa tiba. Zipo dawa za makundi mengine, na daktari ndiye atakayechagua ipi iwe mbadala baada ya kujua historia yake yote. Mtajieni dawa zote anazotumia, zikiwemo za shinikizo la damu, pamoja na mzio wowote alionao, hasa wa dawa za salfa.

Muuguzi wa Kliniki ya Macho:

Nakubaliana kabisa na Mfamasia. Mimi nitazungumzia namna ya kutia dawa, kwa sababu nimeona wagonjwa wengi wakibadilishiwa dawa kwa kudhaniwa kwamba imeshindwa, kumbe haikuwa ikiingia jichoni.

Mama anawe mikono kwa sabuni, kisha aketi na kuegemeza kichwa nyuma au alale chali. Kwa kidole cha mkono mmoja avute kope la chini ili pafanyike kijifuko, aangalie juu, na kwa mkono wa pili ashike chupa juu ya kijifuko hicho bila ncha yake kugusa jicho, kope wala ngozi. Ncha ikigusa, vijidudu huingia ndani ya chupa. Akibonyeza tone moja likaingia, inatosha. Tone moja la kawaida huwa na mikrolita kati ya 30 na 50, ilhali jicho haliwezi kushikilia zaidi ya mikrolita 30 hivi, kwa hiyo hata tone lililoingia sawasawa linaweza kumwaga kiasi shavuni, na hiyo si dalili ya kukosea. Tone la pili huosha lile la kwanza, huharakisha dawa kushuka puani, na kumaliza chupa kabla ya wakati. Aongeze pale tu anapokuwa na hakika kwamba lile la kwanza liliangukia nje kabisa.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo wengi huiruka, nami ningependa mumsimamie mama mpaka aizoee. Baada ya tone kuingia, afumbe macho taratibu bila kukaza wala kupepesa, kisha abonyeze kwa ncha ya kidole kona ya ndani ya jicho, pale linapokutana na pua, kwa dakika mbili au tatu. Kufanya hivyo huziba ile njia ya kwenda puani, hivyo dawa hubaki jichoni inakohitajika na kiasi kinachoingia kwenye damu hupungua. Hata hivyo, hatua hii haihalalishi timololi kwa mtu aliyewahi kuwa na pumu.

Ikiwa dawa mbili zinatumika kwa wakati mmoja, aache angalau dakika tano kati ya moja na nyingine ili ya pili isiiondoe ya kwanza. Kama mojawapo ni ya jeli au ya marhamu, hiyo iwe ya mwisho. Chupa ambayo maelezo yake yanataka itikiswe, itikiswe kila mara, kwa sababu dawa huwa imetuama chini. Kwa anayevaa lenzi za kugusa jicho, azitoe kwanza na asizirudishe mpaka dakika 15 zipite, kwa kuwa kihifadhi kilichomo katika matone mengi hunaswa na lenzi. Ikiwa mikono ya mama inatetemeka, aegemeze mkono wenye chupa kwenye paji la uso, au mtu mwingine amtilie. Pia kuna vifaa maalumu vya kushikilia chupa, ambavyo ni vyema kumwulizia katika kliniki.

Mgonjwa wa Miaka Mingi:

Ndugu Mlezi, mfikishie mama shikamoo yangu. Ninaishi na ugonjwa huu kwa muda mrefu, na ningependa kujibu lile swali lake la kwa nini ajisumbue ilhali anaona vizuri, kwa sababu naamini watu wengi huacha dawa kwa kukosa jibu la swali hilo.

Glakoma ya aina iliyo ya kawaida zaidi huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na kwa kawaida huanza kupunguza uwezo wa kuona pembeni, taratibu, huku katikati pakibaki safi. Jicho moja hufidia upungufu wa jingine, na ubongo hujaza mapengo, hata mtu akaweza kusoma gazeti bila shida ilhali amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya eneo lake la kuona. Kilichopotea hakirudi, si kwa matone, si kwa leza wala kwa upasuaji. Mama asingoje kuona nafuu, kwa maana dawa hii haikukusudiwa kuleta nafuu inayohisiwa. Kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho ili kilichobaki kisiharibike. Matokeo yake huonekana katika vipimo vya kliniki pekee.

Na kazi hiyo ni ya kweli. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia zaidi ya watu 1,600 waliokuwa na presha ya juu ya macho lakini bado hawajapata madhara. Baada ya miaka 5, miongoni mwa wale ambao hawakutiwa dawa asilimia 9.5 hivi walikuwa wamepata glakoma, na miongoni mwa waliotumia matone walikuwa asilimia 4.4. Mimi nikisoma takwimu hizo naona watu waliobaki na macho yao mazima kwa sababu ya tone ambalo hawakulihisi likifanya kazi.

Kuhusu mazoea, afungamanishe dawa na jambo ambalo halikosi kila siku, kama kupiga mswaki kabla ya kulala. Akisahau, atie pindi akumbukapo. Lakini kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, aiache ile iliyopita na asizidishe. Latanoprosti hasa ikitiwa zaidi ya mara moja kwa siku inaweza kupunguza nguvu yake ya kushusha presha. Asiache pia kutia dawa siku ya miadi ya kliniki, isipokuwa ameelekezwa hivyo, maana daktari anataka kujua presha ikoje dawa ikiwa inafanya kazi.

Mlezi wa Mama:

Nawashukuru sana nyote. Nilipiga simu kliniki siku ileile, wakaagiza timololi isimamishwe, na baada ya kumpima mama wakamwandikia dorzolamidi. Anabonyeza kona ya jicho kama Muuguzi alivyoeleza, na nimeanza kuandika tarehe juu ya kila chupa. Yamebaki mawili. Anasikia uchungu mdomoni baada ya dawa mpya, na macho yake yamekuwa mekundu kidogo. Jirani amempa chupa ya matone ambayo yeye alipewa zamani kwa ajili ya mzio, akisema inaondoa wekundu kwa haraka. Je, aitumie?

Mfamasia:

Tafadhali asiitumie. Baadhi ya matone ya mzio na wekundu yana dawa za steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, ambazo kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho, na wenye glakoma wamo katika hatari kubwa zaidi. Presha hiyo hupanda bila maumivu, na mgonjwa hufurahia jicho jeupe huku mshipa wa fahamu ukiendelea kuharibika. Zaidi ya hayo, chupa ya mtu mwingine iliyokaa wazi muda mrefu huenda imeingia vijidudu. Vivyo hivyo, kabla ya kununua dawa yoyote ya mafua au ya mzio, mtaje kwamba mama ana glakoma, kwa sababu baadhi yake si salama kwa wenye pembe finyu ya jicho, yaani wale ambao njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho ni nyembamba.

Uchungu mdomoni ni jambo la kawaida kwa dorzolamidi, kwa kuwa dawa hushuka kooni kupitia puani, na kubonyeza kona ya jicho huupunguza. Wekundu kidogo huletwa mara nyingi na latanoprosti, ambayo pia inaweza kurefusha nywele za kope na kuifanya sehemu yenye rangi ya jicho iwe nyeusi zaidi, badiliko ambalo huwa la kudumu. Lakini kope zikivimba, kukiwa na mwasho mkali, au wekundu ukizidi, apelekwe kliniki ili abadilishiwe dawa, asijiachishe mwenyewe. Maumivu makali ya jicho yanayokuja ghafla pamoja na ukungu, miduara ya rangi kuzunguka taa na kutapika ni dharura ya saa hiyohiyo.

Umefanya vyema kuandika tarehe. Chupa ya latanoprosti ambayo haijafunguliwa kwa kawaida huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na ikifunguliwa inaweza kukaa nje, mahali pasipozidi nyuzi 25 na pasipo na mwanga mkali. Chupa nyingi za matone hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa hata kama dawa imebaki, ila maelezo ya boksi lenu ndiyo ya kufuata.

Muuguzi wa Kliniki ya Macho:

Naongeza moja kwako wewe mwenyewe, Ndugu Mlezi. Mtoto au ndugu wa damu wa mtu mwenye glakoma yumo katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Siku mtakapompeleka mama kwenye miadi yake, wewe na ndugu zako mwombe kupimwa presha na kuangaliwa mshipa wa fahamu, hata kama hamna tatizo lolote la kuona.