RAV4 ya 2003, taa ya injini inawaka na kuzima: koili mpya seti nzima, za mtumba, au nisafishe nozeli?

Mkazi wa Pugu
Wakuu, habari za jioni. Gari yangu ni RAV4 ya 2003. Taa ya cheki injini imeanza kuwaka na kuzima haraka haraka nikipanda mlima. Nikifika tambarare inatulia, ila injini inatetemeka. Mafundi wawili, majibu mawili. Wa kwanza anataka nibadili koili zote nne, zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi: za Kichina mpya ni laki na sitini seti, za mtumba pale mtaa wa Gerezani, Dar, elfu arobaini kila moja. Wa pili anasema koili ziko sawa, nisafishe tu nozeli zinazonyunyizia petroli. Keshokutwa nina safari ya Tanga. Ninunue kipi?

Spana Kumi
Mkuu, bei zote umetaja, ugonjwa hujataja. Injini ni 1AZ-FE au ni 1AZ-FSE, yaani D4, ile inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda? Gari limetoka Japani au Uingereza? Mashine ya kupimia ilisoma kodi gani, yaani namba ya kosa? Plagi zilibadilishwa lini? Maji ya rejeta yanapungua?

Na hiyo taa usiichukulie kawaida. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, unaweza kwenda gereji kesho. Ikiwaka na kuzima, kompyuta imeona silinda haichomi vizuri, na petroli mbichi inaingia kwenye masega, kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi, muda huo huo. Punguza mguu mpaka itulie. Tanga usiende nayo hivyo.

Koili Nne
Niko na fundi wa kwanza. Gari la miaka ishirini na ushee, koili zote zimezeeka pamoja, ikifa moja nyingine zinafuata. Badili zote na plagi zake, umemaliza. Za mtumba usiguse. Koili iliyochoka inafanya kazi vizuri ikiwa baridi, ikishapata moto ndipo waya za ndani zinaachia. Muuzaji akikuwashia pale dukani kwa dakika mbili hamtaona kitu.

Bi Mtambo
Kaka, na hizo za laki na sitini seti nzima unazitetea kwa lipi? Koili ya Toyota hii ina waya nne kwa sababu kifaa cha kukata umeme kimo ndani yake. Kwenye zile za bei ya chini ndicho kinachoungua mapema, na unakuwa umetupa koili tatu nzima za asili ukaweka nne za wasiwasi. Bora koili moja ya asili kwenye silinda mbovu kuliko seti nzima ya kubahatisha.

Kabla ya kununua chochote, hamisha koili. Zima injini, ipoe. Koili imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Chomoa soketi kwa kubonyeza kifungio chake, usivute waya. Kama kodi ni P0302, silinda ya pili ndiyo inamisi, yaani haichomi vizuri. Namba moja ni upande wa cheni, ukisimama mbele ya gari iko kushoto kwako. Koili ya pili ipeleke ya nne, ya nne irudi ya pili. Futa kodi, endesha, soma tena. Ikija P0304, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa mtindo huo huo. Ikibaki tena, hapo ndipo tuzungumze nozeli na mgandamizo. Kazi ya nusu saa, haina gharama.

Msafiri wa Nakuru
Huyo anayetaka kwenda Tanga asikie hii. Kuna Toyota Avensis ya injini ya 1ZZ iliyoendeshwa barabara kuu taa ikiwaka na kuzima, kwa kuwa "inavuta bado". Petroli isiyochomeka kwenye silinda iliwakia ndani ya masega. Kwanza ikaja harufu ya yai bovu. Baadaye gari likagoma kupita kilomita 60 kwa saa hata ukikanyaga mpaka chini, na usiku bomba la moshi lilionekana jekundu chini ya sakafu. Plagi zikabadilishwa, koili zikabadilishwa, pampu ya mafuta ikabadilishwa, hakuna kilichosaidia. Mwishowe sensa ya oksijeni ya juu, iliyo kabla ya masega, ikafunguliwa, moshi ukapata pa kutokea, na injini ikavuta papo hapo. Masega yalikuwa yameyeyuka yakawa donge. Chanzo kilikuwa koili moja.

Ukikwama njiani, chomoa soketi ya nozeli ya silinda inayomisi. Mafuta hayataingia, masega yatapona.

Spana Kumi
Hiyo ya kuchomoa nozeli ni ya kufika gereji iliyo karibu tu. Silinda isiyopata mafuta inasukuma hewa tupu, sensa inaona oksijeni nyingi, na kompyuta inaziongezea mafuta silinda tatu zilizobaki. Nenda polepole, usiifanye safari.

Koili Nne
Ndiyo maana wengine wanayatoa masega kabisa, wanaweka bomba.

Bi Mtambo
Wanayatoa kwa sababu kuna wanunuzi wa madini yaliyomo, platinamu, paladi na rodi. Mwenye gari anabaki na moshi mchafu, kelele, na taa inayowaka kwa P0420, kodi ya masega kutofanya kazi. Tusimshauri mwenzetu hivyo.

Mkazi wa Pugu
Ahsanteni sana. Gari ni ya Uingereza. Juu ya injini pameandikwa VVT-i, sioni D-4. Kodi ni P0302 peke yake. Plagi sijui zilibadilishwa lini, nilinunua kwa mtu. Maji ya rejeta naongeza kidogo kidogo.

Spana Kumi
Basi ni FE, shukuru. Kwenye D4 tungeanza na kaboni ya njia ya hewa na pampu ya shinikizo kubwa. Na kwa kuwa ni ya Uingereza, kisomaji cha bei nafuu kitaongea nayo, tofauti na nyingi za Japani za miaka ile.

Ukitoa koili, chungulia shimo la plagi. Ukiona oili, tatizo limeanzia kwenye gasketi ya kava ya tapeti na ringi za mabomba ya plagi. Mpira wa koili ukilowa oili unalainika na kupasuka, umeme unatorokea pembeni. Geuza plagi taratibu kwenye mwanga: mstari mwembamba mweusi unaoteremka kwenye kauri nyeupe ndiyo njia ya cheche. Ukiuona, badili plagi pamoja na mpira wa koili, la sivyo kimoja kitaharibu kingine.

Plagi nunua za iridiamu zenye mwanya wa milimita 1.1, kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Feki zimejaa sokoni.

Bi Mtambo
Mimi hayo maji ndiyo yananitisha. Injini za AZ kama yako za miaka hiyo zinajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku ya alumini, upande wa nyuma. Maji yanavuja taratibu, mara nyingine yanaingia silinda. Ndugu wa Pugu, asubuhi ukiwasha, inamisi kwanza halafu inakaa sawa?

Koili Nne
Inamisi mlimani, hiyo ni umeme. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo unapanda na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka. Koili dhaifu inashindwa hapo hapo. Maji hayachagui mlima.

Bi Mtambo
Nakubali kuhusu mlima, sikubali kununua koili kabla ya kujua maji yanaenda wapi. Gasketi ya hedi ikipasuka, koili ya dhahabu haitasaidia.

Mkazi wa Pugu
Asubuhi inatetemeka kama nusu dakika hivi. Moshi sijauangalia.

Spana Kumi
Leo usiku injini ikishapoa kabisa, funga pampu ya kupimia rejeta, jaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, usizidishe. Mshale ukishuka ndani ya dakika 15 na chini hakuna tone, huenda maji yanaingia ndani. Mulika tochi pia nyuma ya injini, chini ya hedi, utafute michirizi ya rangi ya kulanti, yaani maji ya rejeta. Asubuhi toa plagi zote nne kabla ya kuwasha. Ya pili ikiwa imelowa maji, au imeoshwa nyeupe kuliko wenzake, usihamishe koili wala usilipe mtu wa nozeli. Zipange kwa namba, piga picha, zilete hapa.