Tupeane uzoefu: kutafuta herufi ndani ya stringi (mfuatano wa herufi) kwenye lugha ya programu ya C

Wakuu, salaam. Wengi wanaoanza C wakitaka kujua kama herufi fulani imo kwenye stringi huandika lupu yao. Kwa kujifunza sawa, ila kazini mimi natumia strchr ya string.h: inarudisha pointa (anwani ya kumbukumbu) ya pale herufi ilipoonekana kwanza, au NULL kama haimo. Ukitaka nafasi yake, p - s. Nyie imewafaa wapi, imewatesa wapi?

#2
Kufuta enta ('\n') baada ya kusoma mstari kwa fgets. Watu huandika *strchr(buf, '\n') = '\0'; ('\0' ndiyo alama ya kufunga stringi) na mambo yanaenda, mpaka lije faili ambalo mstari wa mwisho hauna enta. Inarudi NULL, programu inakufa. Dawa: buf[strcspn(buf, "\r\n")] = '\0'; strcspn huhesabu herufi hadi ikute mojawapo ya hizo, na hata isipokuta kitu inaishia mwisho wa stringi, na inaondoa \r za Windows humo humo.

#3
Umenena mkuu. Kuna kodi nilipewa niikague, inahesabu irabu kwa if (strchr("aeiou", c)) n++. Ndani ya do-while. "mama" ikaleta 3! Tukakodoa macho. Kumbe strchr huichukulia '\0' ya mwisho kama sehemu ya stringi, kwa hiyo c ikifika '\0' nayo "inapatikana". Tanguliza c && kwenye sharti la if.

#4
Mimi natumia strrchr kupata kiendelezi cha faili (kama .txt), maana inaanzia nyuma. Ila ukipewa ./data/ripoti itakuletea nukta ya folda. Tafuta / ya mwisho kwanza, ndipo utafute nukta baada yake.

#5
Nyie wote mnacheza na ASCII, herufi za baiti moja moja. Nilikuwa nasafisha orodha ya maneno ya Kiswahili, natafuta '\'' kwenye ng'ombe na ng'ambo. Mengine yanapatikana, mengine hayaonekani kabisa, na kwenye skrini yanafanana! Nikayachapa kwa heksa: simu za watu zinaweka alama iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8 (usimbaji wa herufi za lugha zote) ni baiti 3, E2 80 99. strchr hutafuta baiti moja tu. Ikabidi strstr(s, "\xE2\x80\x99"), inayotafuta stringi ndani ya stringi, nikazigeuza zote kuwa ' ya kawaida kabla ya kutafuta chochote.

#6
Na data ya soketi (inayokuja kwa mtandao) je? Haina '\0' mwishoni.

#2
Hapo memchr(buf, '\n', n), inayotafuta ndani ya baiti n tu bila kungoja '\0'; n iwe idadi ya baiti ulizopokea, si sizeof buf.