Naomba ushauri: mguu uliopooza baada ya kiharusi, nitie msimbo (code) gani wa ugonjwa?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa hapa Pemba, na faili moja limenikwamisha tangu juzi.

Ni bibi aliyepata kiharusi mwaka juzi. Anakuja kliniki na fimbo, anaburuza mguu wa kulia, hata kandambili yake imelika ncha. Mkono hauna tatizo, wala uso. Lakini daktari kaandika tu "CVA, mguu umepooza" (CVA ni kiharusi). Upande hakutaja, wala kama ulikuwa mshipa ulioziba au damu iliyovuja. Picha ya CT hakupigwa.

Mwenzangu kila ziara humtilia msimbo I64, yaani kiharusi kipya. Mimi naona si sawa: ziara tatu, ripoti inasoma viharusi vitatu, na bibi wa watu kaugua mara moja tu! Kwa ninavyoielewa ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa, tatizo la leo ni G83.1, kupooza mguu mmoja, kisha niongeze I69.4 kuonesha ni athari ya kiharusi cha zamani. I69.3 naiogopa, maana hiyo inataka ithibitishwe kuwa mshipa uliziba.

Nimeona pia I69.341 mtandaoni, ila hiyo ni ya toleo la Marekani, linalotaka upande na kama ndio mgonjwa anaoutumia zaidi.

Wenye uzoefu, nipo sawa? Na huo upande wa kulia niliouona kwa macho yangu, naruhusiwa kuuandika, au nimrejeshee daktari faili aandike mwenyewe? Namheshimu, sitaki aone namsahihisha. Nimwambie vipi?