"Kitabu" ni la Kiarabu. Mbona wingi wake ni "vitabu"?

Swali (Mdadisi)
Wajuzi naomba msaada. Kiarabu *kitāb*, Kituruki *kitap*, Kiurdu *kitāb*, nasi *kitabu*. Lugha hizi hazina ukoo mmoja. Nani kamkopesha nani? Na kama neno si letu, ki- imegeukaje vi-?

Fundi wa Maneno
Mkopeshaji ni Kiarabu. Neno kufanana si ushahidi; tazama lilikozaliwa pamoja na ndugu zake. Mzizi k-t-b ni wa kuandika: *kataba* (aliandika), *kātib* (mwandishi), *maktab* (pa kuandikia). Sisi tuna katibu na maktaba, ila kila moja tulilichukua likiwa tayari. Hatuwezi kubadili irabu tukazalisha jingine. Ile -u ya mwisho tumeiongeza wenyewe. Baada ya b na m mara nyingi huja -u (sababu, elimu, kalamu). Baada ya t au r huja -i (wakati, bahari).

Ngeli8
Kwa Kiarabu, k ni ya mzizi na i ni irabu tu. Sikio la Kibantu likasikia ki- ya kiti, likaikata: ki-tabu, vi-tabu. Ukitaka kuona kisu kilipopita, dogosha neno: *kijitabu*. Ki- ya kitabu imeondoka ikaingia kiji-, na -tabu imebaki kama shina halali! Kiberiti/viberiti ni hivyohivyo. Wakati/nyakati nalo limefuata wembe/nyembe.

Usiifanye sheria, mkuu. Kilo tano ni kilo tano, hakuna "vilo". Na mzizi uleule wa k-t-b umetawanyika katika ngeli tatu: kitabu *kimefika*, katibu *amefika* (wingi makatibu), maktaba *imefunguliwa*.

Mkalimani
Niongeze ya wenzetu. Kituruki hakipendi b mwishoni, ndiyo maana *kitap*. Ukiweka irabu b inarudi, *kitabı*. Wingi ni *kitaplar*, wa kwao kabisa. Kiurdu kimelibadili jinsia: Kiarabu ni la kiume, kwao la kike. Kimalei *kitab* huelekea vitabu vya dini, cha kawaida ni *buku*.

Wingi wa Kiarabu, *kutub*, Waturuki wameuhifadhi ndani ya *kütüphane*, maktaba, pamoja na *hane* ya Kiajemi, nyumba. Sisi hatukuuchukua. "Kutubu" yetu ni kitenzi -tubu, kutoka *tāba*, mzizi mwingine kabisa; wengi huchanganya.